Kitaa Kinachosikia Drumu

Jumapili, asubuhi. Upepo unavuma tangu alfajiri, baridi ya kuingia mifupani, na makapi ya ngano yanapeperuka mpaka ndani ya chai. Mlima Hanang umejifunika wingu, hauonekani hata mguu.

Sijaenda kanisani. Nimemwambia Baba Resti kichwa kinaniuma, na si uongo mtupu, maana tangu jana kinagonga. Yeye amekwenda. Amevaa koti lake la harusi, viatu amevipiga rangi, ametoka hapa anapiga mluzi. Mtu ana furaha, jamani! Na mimi niliyemtengenezea furaha hiyo kwa mikono yangu nimebaki jikoni kwenye kigoda, mkaa umezima, naogopa.

Naogopa kesho.

Kesho fomeni atapanda kwenye kombaini moja baada ya nyingine. Atakaa na kila opareta mzunguko mzima wa shamba, kisha ataamua nani aendelee kuvuna msimu huu na nani ashuke. Mume wangu yuko juu ya kombaini tangu shamba hili la serikali lilipovuna ngano yake ya kwanza. Nusu ya maopareta wa hapa kawafundisha yeye. Ukimuuliza mtu yeyote hapa kambini nani anajua kombaini, atakunyooshea kidole kwenye mlango wetu.

Na mume wangu hasikii.

Haya, nimeliandika. Nimekaa nalo moyoni kama mtu aliyemeza kokwa, sasa angalau liko kwenye karatasi.

Watu wasiojua wanadhani kombaini inaendeshwa kwa macho. Macho yanasaidia, ndiyo, lakini kombaini inaendeshwa kwa masikio. Ndani yake kuna drumu kubwa linalozunguka na kuyapiga masuke mpaka punje zitoke. Ngano ikiingia kwa kiasi, drumu linavuma vizuri. Ikiingia nyingi mno, au ikiwa bado na umande, drumu linaanza kukoroma, na opareta anayejua kazi yake anapunguza mwendo hapo hapo. Asipopunguza, drumu linakaba. Likishakaba ndiyo basi tena, mashine inasimama, watu wanaingiza mikono na ndoano kuchomoa majani yaliyojisokota, na jua halimsubiri mtu.

Baba Resti alikuwa hajawahi kukabwa na drumu. Alikuwa akiwatania wenzake kwa hilo. "Masikio mmeyaacha nyumbani na wake zenu?" Sasa wiki hii limekaba, na limekaba tena, na wenzake hawajamtania. Kunyamaza kwao ndiko kulikoniogopesha zaidi kuliko kama wangecheka.

Lakini mimi nilijua kabla ya drumu. Dalili ilianzia kwenye shikamoo.

Huku kwetu shikamoo si mchezo. Nimezaliwa kijiji cha Daudi, juu kule Mbulu, na mama yangu angekurudisha njia nzima ukaamkie mtu uliyempita bila salamu. Na anayeamkiwa naye ana deni la kujibu. Kijana akisema shikamoo nawe usipojibu marahaba, umemtukana yeye, na wazazi wake umewagusa kidogo. Basi zikaanza kuja habari bombani. Mzee wako siku hizi vipi, Mama Resti? Mtoto wangu kamwamkia, kapita kama hajaona mtu. Mwingine akaniuliza kwa kicheko kile cha pembeni kama amepandishwa cheo. Niliondoka nimekasirika, nikamwaga nusu ya maji njiani. Nikasema moyoni, mume wangu hana maringo, amechoka tu, hawa wanawake hawana kazi.

Amechoka. Nilishikilia neno hilo muda mrefu.

Halafu kikaja kitaa, taa ndogo niliyoiunda mwenyewe.

Mimi kazi yangu ni redio ya mawasiliano ofisini. Asubuhi na jioni naongea na makao makuu na mashamba mengine: mvua, dizeli, vipuri, nani mgonjwa. Fundi aliyekuja kuitengeneza redio hiyo alikuta mwanamke asiyekwisha maswali. Mwanzoni alicheka, baadaye akachoka, mwisho akaona heri anionyeshe nimwache afanye kazi yake. Alipoondoka aliniachia kopo la vipande alivyong'oa kwenye redio kaseti mbovu: transista, rizista, vitufe vya kuongezea sauti, spika ndogo kama kifuniko cha kopo la maziwa, na vitaa vyekundu vidogo kama punje ya hindi. Hivyo alisema vinaitwa LED.

Nilivipenda vitaa hivyo kama mtoto. Nikasema nitatengeneza kitu kimoja tu: kitaa kinachofuata sauti. Sauti ikipanda kiwake sana, ikishuka kififie, ikinyamaza kizime.

Ukisikia hivyo unaona ni kazi ya jioni moja. Thubutu! Kitaa cha kwanza nilikiunga moja kwa moja kwenye betri bila rizista ya kupunguza umeme. Kikawaka kwa mbwembwe zote, kikafa. Cha pili nilikosea miguu, maana kina mguu mrefu na mfupi, na ukiigeuza hakiwaki hata ukikibembeleza. Sina chuma cha kulehemu. Napasha msumari kwenye mkaa, nayeyusha risasi niliyobandua kwenye redio ya zamani, na huku maharage yanaungua. Baba Resti alikula maharage yenye harufu ya moshi wiki nzima, na hakulalamika. Nilipaswa kujiuliza wakati ule kwa nini alikuwa mpole vile. Mtu anayeficha kitu huwa hagombani na mpishi.

Nilianza kwa kukiunga kwenye nyaya za spika ya redio yetu. Kiliwaka ngoma za kwaya zilipopigwa tu, waimbaji wakiimba taratibu kinalala. Nikaongeza transista, ikawa afadhali. Kisha nikakumbuka kitu alichonionyesha fundi, kwamba spika inaweza kugeuzwa ikawa sikio: ukiongea mbele yake, inapeleka sauti badala ya kuitoa. Basi nikaifanya spika ndogo kuwa sikio, nikaweka transista ya pili kuikuza ile sauti, na kitufe cha kupunguza na kuongeza. Siku ilipokubali niliruka. Nilikohoa, kikawaka. Nilinong'ona, kikawaka kwa mbali kama kaa linalotaka kuzima. Niliimba wimbo wa kipaimara mpaka jirani akagonga ukuta.

Jioni ile Baba Resti aliporudi nilikiweka mezani mbele ya redio ili nimshangaze. Taarifa ya habari ilikuwa inasomwa. Kitaa kikawa kinacheza na sauti ya msomaji, kinapanda, kinashuka. Yeye alikiangalia, akatabasamu, akatikisa kichwa kama anavyofanya siku zote akisikiliza habari. Mimi nikanyoosha mkono kumwonyesha kinavyofifia. Nikapunguza sauti ya redio kidogo. Kitaa kikapungua. Nikapunguza zaidi. Kikazima kabisa.

Redio ilikuwa imenyamaza. Nyumba nzima ilikuwa kimya, nasikia maji yanachemka. Na Baba Resti alikuwa ameshageuza macho, anaangalia redio, anatikisa kichwa taratibu.

Kisha akacheka, akasema, "Hawa watu wa habari wana maneno!"

Mungu wangu.

Nilipandisha sauti haraka, kana kwamba mimi ndiye niliyekamatwa. Sikula. Nilipomaliza kuosha vyombo nilikwenda nikasimama mbele yake, uso kwa uso, nikasema taratibu, "Baba Resti, hunisikii."

Aliniangalia mdomo. Hakuuliza nimesema nini. Akasema, "Wewe nakusikia nikikuona."

Tangu msimu uliopita, alisema. Kwanza ilikuwa mvumo usiokatika, kama bado yuko juu ya mashine hata akiwa kitandani. Kisha mvumo ukabaki na sauti za watu zikaondoka moja moja. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu kwamba angeniambia ningempeleka hospitali Mbulu, na hospitali wangeandika, na shamba wangesoma. "Nikishuka kwenye kombaini mimi nani, Mama Resti? Nitafagia karakana?"

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nalo hilo kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza, na badala yake nikamwambia jambo ambalo sasa linanichoma: nikamfundisha kuficha vizuri zaidi. Nikamwambia, ukimwona mtu mdogo kwako amekuelekea na mdomo unacheza, wewe sema marahaba. Huwezi kukosea. Wote huanza na shikamoo.

Na kweli, maneno ya bombani yaliisha. Baba Resti akawa anaitikia marahaba huku na kule kama askofu. Tulicheka wote wawili.

Wazo la kupeleka kitaa kwenye kombaini lilikuwa lake. Alikuwa anakiangalia kinavyofuata sauti yangu, akakigusa kwa kidole, akasema, "Mimi sisikii, hiki kinasikia. Kisikie drumu badala yangu." Nilimwona akinyanyuka mabega, nilikuwa sijayaona hivyo muda mrefu. Mke gani angesema hapana?

Jana Jumamosi ofisi ilifungwa mchana, nikaenda naye shambani. Nilijiona fundi kweli, nimebeba kitu changu kwenye kikapu chini ya ndizi. Tukakifunga karibu na usukani, spika tukaitundika nyuma yake. Akawasha injini.

Kitaa kikawaka chote. Kikabaki hivyo hivyo.

Loo, nilivyojiona mjinga! Nimekijaribu nyumbani, kwenye jiko lenye kimya, mbele ya redio. Juu ya kombaini kila kitu kinanguruma: injini, mikanda, minyororo, upepo wenyewe. Drumu likivuma kinawaka, likikoroma kinawaka, likisimama bado kinawaka. Nikapunguza kwa kitufe, kikazima chote. Hakuna katikati. Baba Resti aliniangalia kama mtoto aliyeahidiwa sukari akanyimwa.

Hapo ndipo nilipotumia akili ninayoijutia leo. Nilisema, hiki kisikie drumu peke yake, kisisikie kingine chochote. Tukaishusha spika mpaka kwenye bati la ubavuni mwa drumu, tukaikaza na mpira wa baiskeli, uso wake umelalia bati. Mgongoni nikaifunika na gunia, nikaongeza kitenge changu kilichochakaa, tukafunga na waya. Nikapiga kelele karibu nayo kujaribu. Kitaa hakikutikisika. Nikafurahi. Nakumbuka vizuri kwamba nilifurahi.

Nikaweka kitufe taratibu, drumu likivuma vizuri kitaa kiwe hafifu. Akaingia kwenye ngano. Nilikaa pembeni yake kwenye ngazi, nimeshika chuma kwa mikono miwili. Sehemu ya bondeni, ngano ilipokuwa nzito, nilisikia drumu linaanza kukoroma, na sekunde hiyo hiyo kitaa kikaruka chekundu, kikafifia, kikaruka tena. Baba Resti akapunguza mwendo. Kikatulia. Akanigeukia, meno yote nje. Haki ya Mungu, kama ningekufa dakika ile ningekufa nimeridhika.

Alivuna vile mchana kutwa na drumu halikukaba. Fomeni alipita na gari, akasimama kuangalia, akamwinulia dole gumba. Mimi nikashuka, nikakaa mwisho wa shamba kula ndizi yangu, najisifu peke yangu.

Sasa nafika pale nisipotaka kufika.

Upande ule shamba linapakana na Wabarabaig. Njia yao ya kupeleka ng'ombe majini inakatiza ngano. Wao watakwambia ngano ndiyo iliyokatiza njia, na sijui kama nina la kuwabishia. Nikaona mwanamke mmoja, kijana, ana fimbo, anatembea haraka pembezoni mwa shamba huku anainama anatafuta. Kisha akaingia kwenye ngano. Nilielewa baadaye kwamba ndama wake aliyezaliwa juzi alikuwa amejilaza humo. Alimwona, akamkimbilia, akainama kumnyanyua, akapotea kabisa. Ngano ya mwaka huu ni ndefu.

Kombaini ilikuwa inakuja moja kwa moja.

Alinyanyuka nusu, ndama hakutaka kusimama. Alipunga fimbo, akapiga ukelele ule wao wa kuitana ng'ambo ya bonde. Nilisimama. Nikaita. Baba Resti! Baba Resti! Niliita kwa jina lake la ubatizo, ambalo simwiti, nililia, nilikimbia, viatu vilibaki. Nilikuwa ubavuni, yeye aliangalia mbele, na hata hakuangalia mbele, jamani. Nilimwona vizuri. Aliinamisha macho yake karibu na usukani. Alikuwa anaangalia kitaa.

Na kitaa kilikuwa kinamwambia mambo ni shwari. Drumu lilikuwa linavuma vizuri.

Kombaini ikasimama. Nilidhani ameona. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Halafu nikamwona anainuka na kuangalia nyuma, ananyoosha mkono kuita trekta la kupakulia. Tangi la ngano lilikuwa limejaa. Ndiyo sababu alisimama. Tangi, basi.

Yule mwanamke alitoka kwenye ngano amemkumbatia ndama, nguo yake ya ngozi imejaa vumbi, yuko mbele ya meno ya mashine karibu kuyagusa. Akamlilia kwa Kiswahili, "Wewe mzee! Ungeniua! Nimekuita, nimekuita, ungeniua!"

Baba Resti alishuka ngazi. Akaona mtu mdogo kwake amemwelekea, mdomo unacheza. Akatabasamu kwa heshima zote, akasema, "Marahaba, mwanangu."

Sitausahau uso wa yule binti. Hasira ingekuwa heri. Alimwangalia kama mtu anavyomwangalia mchawi, akarudi kinyumenyume, akaondoka na ndama wake bila kugeuza mgongo mpaka alipofika mbali.

Mimi nilifika nahema. Baba Resti akaniuliza, kwa furaha, "Ndama wake alipotea?"

Nikasema, "Ndiyo."

Ndiyo tu. Nilirudi kuokota viatu vyangu.

Tangu hapo sijatulia. Najiambia hakuna aliyeumia. Najiambia kesho apite tu mbele ya fomeni, kisha nitatengeneza kitaa cha pili, cha kusikia watu. Nimewaza usiku na asubuhi hii yote. Hakiwezi. Juu ya mashine ile sauti ya mtu ni kama tone kwenye pipa. Kikisikia mtu kitasikia na injini, kitawaka siku nzima tuanze upya. Nilichoweza kukifanya ni kukiziba kisisikie mtu. Nimekifanya vizuri sana.

Nikikitoa leo, kesho drumu litakaba mbele ya fomeni na mume wangu ataaibika mbele ya vijana aliowafundisha. Nikikiacha, atashinda, na atavuna msimu mzima kando ya njia ile ya ng'ombe, anaangalia kitaa changu.

Kengele ya kanisa imelia. Wanatoka. Namsikia anakuja na mluzi wake.

*

Jumapili hiyo hiyo, jioni. Upepo umepungua. Mlima umejifunua kidogo.

Nimemwambia.

Nilingoja ale kwanza. Nikamkalisha karibu na dirisha ili anione mdomo, nikamwambia yote: mwanamke, ndama, nilivyoita, tangi, na lile neno alilomjibu. Lile neno lilikuwa gumu kuliko yote. Nilipolitaja aliweka mkono mdomoni, akaacha hapo.

Kisha akakataa. Akasema mimi ni mwoga, akasema nakuza mambo, labda sikuita kwa nguvu, labda nilikuwa mbali, yeye bado anasikia sauti kubwa, si kiziwi wa kutupwa. Nikapandwa na hasira, nikamjibu vibaya. Nilimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini wewe utavunja la mwenzio. Sijui kama alilipata lote. Natumaini hakulipata.

Halafu yeye mwenyewe alitoka, akaenda karakana, akarudi na kitaa. Akakiweka mezani. Akafungua ule waya, akatoa kitenge, akatoa gunia, spika ikabaki wazi. Akageuza kitaa kimwelekee yeye. Akaketi, akanipa mgongo.

"Nenda mlangoni," akasema. "Niite kama ulivyoniita jana."

Nilisimama mlangoni. Nikafikiri majirani watasema nini. Kisha nikaona kisogo chake, kimeanza mvi, kinangoja, nikaita. Baba Resti! Niliita na jina la ubatizo. Kuku walitawanyika uani.

Alikaa anaangalia meza. Toka pale niliona wekundu wa kitaa umemulika mpaka mkono wake.

"Umeshaita?" akauliza.

Akainua mkono kabla sijajibu, maana alikuwa ameona. "Rudia."

Nikarudia. Kikawaka chote. Akatikisa kichwa taratibu, kule kutikisa kwake kwa habari za redio, lakini safari hii hakuwa anajifanya.

"Sasa niite kama unavyoniita kula."

Nikamwita kwa sauti ya kawaida, ninayomwita nayo miaka yote. Kitaa kikawaka kidogo, hafifu, kikazima. Alikiangalia muda mrefu baada ya kuzima. Akasema, "Hiyo ndiyo nilikuwa naipenda," na mimi nikaegemea mlango nikalia, kwa kuwa angalau kilio changu hakuwa na haja ya kukisikia.

Hakugeuka. Akauliza, "Jana uliita kama ile ya kwanza?"

Nilikwenda nikasimama mbele yake. "Zaidi."

Akachomoa betri, akazipanga pembeni vizuri, moja baada ya nyingine. Akasema, "Basi kesho sipandi."

Hivyo tu. Baada ya hofu yangu yote, hivyo tu, na mimi sikufurahi hata kidogo. Nimemwona alivyotoka nje kuangalia upande wa mashine zilikoegeshwa, mikono nyuma. Ataitwaje sasa? Watatuacha kwenye nyumba hii ya kambi? Sijui atafanya nini asubuhi wenzake wakiwasha injini, na sijui mimi nitamtazamaje.

Tumekubaliana hivi. Kesho fomeni ataita ofisini kwenye redio, kama kawaida yake, kabla hajatoka. Baba Resti atakuwa amesimama kando yangu, na atasema mwenyewe, kwa mdomo wake. Mimi nitamshika mkono, nikiuachia ndipo atajua fomeni amemaliza kujibu. Mchana, ameomba twende wote upande wa pili wa shamba tukalitafute boma la yule binti. Anasema mtu mzima hawezi kuombewa samahani na mkewe.

Sasa hivi ameketi kizingitini, nami naandika nyuma yake. Binti wa jirani amepita na ndoo, ameinama kidogo, amemwamkia.

Hakujibu. Amenigeukia kwanza, ananiuliza kwa macho.

Nikamwitikia kwa kichwa. Ndipo akamgeukia mtoto, akasema, "Marahaba."